Ng'ombe Wasiotajwa

Bagara, Babati
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Magdalena,

Salamu sikuletei. Umelala chumba cha pili na nakusikia ukigeukageuka kitandani. Kama ningetaka kujua hali yako ningegonga ukuta tu. Nakuandikia kwa sababu jioni ulininyima nafasi ya kusema. Nimekasirika, nakuambia mapema, usije ukafika katikati ya barua ukajiuliza mama ana nini.

Tulikuwa tunakula. Nikasema, "Magda, kabla hujaondoka nataka tuongee habari ya nyumba hii, siku mimi nikiwa sipo." Hukuinua hata kichwa. "Mama, kula kwanza, ugali unapoa. Hayo tutaongea nikirudi likizo." Kisha ukamwambia mdogo wako akuongezee mboga, na Ester akanitazama kana kwamba nimetaja choo mbele ya chakula. Basi nikala. Huu unga wa njano wa msaada ukipoa unakuwa mgumu kweli, hapo ulisema haki.

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutompa mtu usiyemjua akushikie sanduku, nimeyasema wiki nzima na umeyachoka, siyarudii. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la Ester la hesabu, maana madukani karatasi hakuna kama ambavyo hakuna chochote. Kesho atanililia. Mafuta ya taa nayo yamebaki kidogo chini ya kibatari, kwa hiyo mwandiko ukiona unakimbia, ujue nakimbizana na utambi.

Sina ugonjwa. Sijaota ndoto yoyote. Leo asubuhi nimepandisha gunia la mahindi darini peke yangu na wewe ukiniangalia. Nataka kusema habari ya wosia sasa hivi kwa sababu nina nguvu na akili zangu timamu, na nimechoka na watu wa mji huu wanaodhani jambo hilo husemwa na mtu ambaye hawezi tena kunyanyua mkono.

Nianze na baba yako, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha, ingawa hakukusudia.

Unamkumbuka Baba akiwa dukani, mtu wa maneno mengi, anatania kila mteja. Lakini kuhusu mali alikuwa bubu. Hilo hakulianzisha yeye. Kwetu ng'ombe hawakai boma moja, hata wewe uliyekulia mjini unalijua. Unampa rafiki wa Dareda mmoja, wa Gallapo mmoja, unampelekea mfugaji Mbarbaig wa huko uwanda wa Hanang wengine. Ugonjwa ukiingia boma moja, hujamalizwa. Rafiki anapata maziwa, wewe unapata ndama, na jirani mwenye kijicho hajui uwezo wako. Mwanaume anayetaja ng'ombe wake kwa sauti, watu humwona hana akili. Babu yako alifanya hivyo, na baba wa babu yako, na wote walikufa wazee sana huku wana wao wakubwa wameshatembezwa boma kwa boma, wakaonyeshwa huyu ni wetu na huyu ni wetu. Desturi ilikuwa na miguu yake miwili: kuficha, halafu kuonyesha. Baba yako alishika mguu wa kuficha. Wa kuonyesha aliuahirisha.

Halafu ukaja ule msako wa wahujumu uchumi. Wewe ulikuwa shule ya bweni, uliusikia redioni. Sisi tuliusikia mlangoni. Mtu mwenye katoni ya sabuni alikuwa haulizwi mara mbili. Kuna waliomwaga sukari ziwani usiku, wakati watoto wao walikuwa wanakunywa uji wa chumvi. Duka la baba yako lilikuwa na viberiti, khanga chache na dawa ya mbu, lakini alikonda utadhani anaficha dhahabu. Akasema mtu mwenye duka, nyumba na kiwanja kingine ataulizwa alivipata wapi. Akaanza kutawanya. Kiwanja cha Singe, ambacho tulikuwa tumeshakusanya mawe ya msingi, akakiandikisha kwa jina la mdogo wake, baba yako mdogo Margwe. Nyumba hii ya Bagara akaiandikisha kwa jina langu. Ng'ombe waliokuwa karibu akawahamishia mbali zaidi, kwa watu wapya, na hata mimi hakuniambia. Nilipouliza alisema, "Usilolijua hawawezi kukuuliza."

Nilimwambia, na nilimwambia zaidi ya mara moja, aandike mahali basi, au amwite mtu wa ukoo wakae waseme. Alinigeukia kama nimemtukana. "Mama Magda, unanichuria?" Ndiyo lugha yetu hiyo. Mtu akitaja wosia anakuchuria, anakuitia kifo. Baba yako hakuandika wosia, akafa vilevile. Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba kifo kina kazi ya kusikiliza mazungumzo ya watu.

Alikuwa akisema mezani, unakumbuka, "Singe ni ya Magda. Magda akisoma akarudi, atajenga pale." Alikuwa akisema hivyo na mfupa mkononi, na sisi tunacheka. Maneno ya mezani. Tulipomaliza msiba nikamwendea Margwe kwa adabu zote, nikamkumbusha. Aliniandalia chai. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, karatasi inasema nini?"

Sasa pale pana nyumba ya matofali ya kuchoma, na mawe tuliyokusanya mimi na baba yako, nikiwa na mimba ya Ester, yako chini ya ukuta wake. Wewe humpitia unasema shikamoo baba mdogo, naye anaitikia marahaba vizuri kabisa, na juzi amekupa blanketi la safari. Lichukue, huko Dodoma unakokwenda usiku kuna baridi ya kiangazi. Sitaki umchukie. Kwa muda mrefu nilimwita mwizi, mpaka nilipochoka na neno lenyewe. Nadhani mwaka wa kwanza alijua kiwanja si chake. Mwaka wa pili alianza kusahau. Sasa hivi ukimwapisha ataapa kwa moyo safi kwamba kaka yake alimpa. Mtu akiachiwa jambo ambalo halikusemwa, hulisema mwenyewe kwa namna inayompendeza, na hata wewe na mimi tungefanya hivyo.

Lakini la kiwanja lina mtu wa kulaumiwa angalau. La ng'ombe halina, na ndilo linalonikereketa zaidi.

Ulikuwa kidato cha tatu. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu tumzike. Siku ya mnada nilikuwa kwenye cherehani pale barazani, nikaona mzee amesimama na fimbo, shuka lake jekundu limejaa vumbi la Hanang. Jina lake Gidamis. Nilimkumbuka kidogo, aliwahi kuja dukani nikamletea chai. Akaketi chini, akakataa kiti. Nikadhani ana nguo ya kushona.

"Mama," akasema, "mimi nimengoja sana. Ng'ombe yenu imezaa, na ndama yake imezaa. Hakuna mtu anakuja. Kwa nini hamji?"

Nikamwambia sikujua.

"Mke hajui?"

"Hakuniambia."

Akatazama chini, nadhani alinionea aibu. Kisha akanieleza jambo ambalo kila mchungaji wa nchi hii analijua na mimi nilikuwa nimelisikia nikalisahau. Mtu aliyekabidhiwa ng'ombe hampi yeyote anayekuja na machozi. Anangoja mtu aje amtaje: ana rangi gani, alitoka kwa nani, nani alikuwepo siku alipokabidhiwa. Akitajwa sawasawa, anamtoa, hata kama moyo unamuuma. Asipotajwa, anaendelea kumtunza. Si wizi. Ndiyo uaminifu wenyewe, maana la sivyo kila mjanja angepita bomani akisema mimi ni mwana wa fulani.

"Mimi nimevunja kawaida," akasema. "Nimekuja kwa sababu ile chai nakumbuka. Wengine hawakujui. Watangoja."

Nikamuuliza wengine ni akina nani.

"Mimi sijui. Mume wako alisema tu, Gidamis, si wewe peke yako."

Magda, nilizunguka. Wewe ulikuwa shuleni, Ester nilimwacha kwa Mama Paskali jirani, nikazunguka kiangazi chote, mara kwa lori, mara nyingi kwa miguu, maana magari yalikuwa hayana mafuta. Nilikwenda Dareda, Gallapo, nikashuka mpaka Endasak. Nikifika boma nasalimia, nasema mimi ni mjane wa Tluway wa Babati mwenye duka, je, kuna ng'ombe wake hapa? Wananikaribisha. Mwenye boma anasema, kwa upole, "Rangi gani?" Nami nakaa kimya. Kisha mke wake ananiletea maziwa kwenye kibuyu, nakunywa, nashukuru, naondoka. Hakuna aliyenifukuza. Huenda katika maboma hayo yote hapakuwa na ng'ombe wetu hata mmoja. Huenda maziwa niliyopewa yalikuwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Hebu fikiri unatoka bomani na kiu imekatika, hujui kama umefadhiliwa au umekunywa chako.

Watu husema ng'ombe wa maskini hazai. Wa kwetu wanazaa sana, nina hakika, wanazaa mpaka leo huko uwandani kwa watu waaminifu wanaongoja jina. Na mwanangu alisoma kidato cha nne kwa sketi niliyoigeuza ndani nje. Kila nilipoishona ile sketi nilimsema baba yako. Nilimsema kwa sauti, na cherehani likiunguruma, wapita njia wakidhani naimba.

Hivyo ndivyo nilivyosimulia miaka yote hii, na hivyo ndivyo unavyoijua habari hii: baba alikuwa mkaidi, mama alimwambia, hakusikia. Nimeisimulia kwa majirani, kwa shangazi zako, nimeisimulia kanisani kwenye kikundi cha akina mama mpaka wengine wakienda nyumbani wanawabana waume zao. Usiku huu kuna kipande sijawahi kumwambia mtu, na nisingekuambia kama usingesema vile mezani.

Baba yako alipougua lile tumbo, hospitalini hapakuwa na dawa, wakaturudisha nyumbani. Alilala hapo chumbani kwangu, upande wa dirisha. Kuna alasiri moja nilimwandalia uji, ule mwepesi, wenye sukari ya mwisho tuliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeitunza sukari hiyo kwenye kopo la Kimbo kwa ajili yake tu. Nikaketi kitandani kando yake, nikamwinua kichwa. Akaniangalia vizuri, macho yake yamerudi kama ya dukani. Akasema, "Mama Magda, sikiliza. Yule mwekundu mwenye baka jeupe begani..."

Nikamjazia kijiko mdomoni.

Nikasema, "Kunywa uji kwanza, unapoa. Hayo utasema ukipona."

Akanywa. Alikunywa wote, kwa sababu aliniona ninavyoutazama. Kisha akageukia ukutani. Siku zilizobaki alisema maji, alisema nifunike, alisema jina lako. Ng'ombe hakuwataja tena, na mimi sikumuuliza, kwa sababu niliogopa nikimuuliza atajua kwamba nami najua. Nilijiambia namtunza. Nilikuwa namtunza nani? Nilikuwa najitunza mimi, nisisikie.

Yule mwekundu mwenye baka jeupe begani ndiye huyo wa Gidamis, nilimtambua siku niliyokwenda kumwona. Angesema huyo wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Alikuwa ameanza kunitembeza boma kwa boma akiwa amelala. Mguu ule wa pili wa desturi, ule wa kuonyesha, alikuwa ameuinua. Mimi nikamrudisha.

Sasa unaelewa kwa nini ugali wako ulinikwama. Ulisema maneno yangu, mwanangu, karibu neno kwa neno, na kwa sauti ileile ya upendo inayoudhi. Nilitaka kukurushia sahani. Halafu nikaona ungeokota vipande, ungesema mama amechoka.

Tangu masika nahangaikia karatasi moja. Nyumba hii ina jina langu. Hiyo ilikuwa bahati, haikuwa busara ya mtu. Nikifa bila kusema, haitakuwa na jina la mtu, itakuwa na ukoo, na ukoo ni Margwe kwanza. Ester ataambiwa akae kwa baba mdogo, alelewe vizuri tu, alishe kuku, na wewe ukirudi likizo utagonga mlango huu kama mgeni. Hilo ndilo ninalolipigania. Sipiganii mabati, yameshaota kutu.

Nilikwenda mahakama ya mwanzo. Karani kijana mpole akaniambia naweza kuandika mwenyewe, lakini lazima wawepo mashahidi wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, nao wasiwe watu watakaorithi. Karatasi nilete yangu. Nikarudi na furaha, nikamwendea Mama Paskali, ambaye ni mwalimu na nilidhani ana mwanga. Akashika kifua. "Umeambiwa nini hospitali?" Nikamwambia sijakwenda hospitali. Akaniletea mayai. Wiki nzima alikuwa ananiletea mayai, na akina mama wote wa kanisani wakawa wananisalimia kwa sauti ya chini. Nikajaribu kucheka nikashindwa. Unaomba saini, unapewa mayai.

Wa ukoo anayejua kusoma hapa karibu ni Margwe. Nilimwendea, ndiyo, usinishangae. Nilisema labda mtu apewe nafasi ya kufanya vizuri. Akasoma nilichoandika, akanirudishia. "Shemeji, nyumba ya marehemu haina wosia. Ina ukoo." Nikamwambia karatasi inasema jina langu. Nikamuuliza, karatasi inasema nini, shemeji? Hiyo dakika ilinipendeza, sitakudanganya, lakini saini sikupata.

Basi nikapeleka ujumbe Dareda kwa Mzee Qamara, baba mkubwa wa baba yako, yule aliyekuwa katekista, anayekuita mchumba. Alijibu kwa mdomo wa dereva wa lori la maharage. Alisema atakuja na ataweka saini, kwa sharti moja. Alisema ameona wosia nyingi ambazo warithi walizisikia kwa mara ya kwanza siku ya msiba, na kila mmoja akasema mama hakuwa na akili zake siku hiyo. Kwa hiyo msichana awepo, asikie kwa masikio yake, na mama aseme kwa mdomo wake kabla ya kutia saini.

Na Mama Paskali alirudi leo jioni, wewe ukiwa unafunga sanduku. Alisimama jikoni, mikono mitupu safari hii. Akasema, "Nitaandika jina langu. Lakini niapie huumwi." Nikamwapia. Akasema nyumbani kwake naye kuna mambo hayajasemwa. Akaondoka kabla sijamuuliza.

Sasa nitakuambia nilichoandika, usije ukasema hukujua. Nyumba hii ni yako na ya Ester, wote wawili, na mmoja hawezi kuiuza bila mwenzake kukubali. Cherehani ni la Ester, kwa sababu ana mkono wa kushona na wewe huna, hata kifungo unakishonea ndani. Usikasirike. Shamba dogo la Nakwa nalikodi tu, si letu, mtu asikudanganye mkaligombania na wenyewe. Na ng'ombe: mwekundu mwenye baka jeupe begani la kulia, yuko kwa Gidamis wa Endasak, alitoka Mbulu kwa mjomba wa baba yako, na siku anakabidhiwa walikuwepo Gidamis, mke wake mkubwa na baba yako tu. Watoto wake wa kike ni wawili, mmoja mwekundu mtupu, mmoja wa kijivu mwenye pembe iliyopinda mbele. Hao ni wako na Ester. Ndama dume ni wa Gidamis, ameshatulipia kwa uaminifu wake. Nimekuandikia, lakini usibebe karatasi tu. Waseme njiani, ndani ya basi, kama ulivyokuwa unasema tebo za hesabu ukiwa mdogo. Karatasi huloa. Siku ukisimama mbele ya boma la watu nataka uwe na la kusema.

Hao wengine, wale ambao baba yako hakuwafikia, waache. Nimewaacha. Nimejaribu.

Unakwenda kusomea uuguzi. Watakufundisha kufunga kidonda na kupima joto, na utanizidi kwa mambo mengi, na nitajivuna hapa sokoni mpaka watu wanichoke. Lakini kuna jambo moja sidhani kama liko kwenye vitabu vyao. Utakaa vitandani na watu, na iko siku mtu atakuangalia kwa macho yaliyorudi, ataanza kusema jambo la nyumbani kwake, na wewe utakuwa na kijiko mkononi au kidonge au shuka la kubadilisha, na utataka kumwambia apumzike kwanza. Weka kijiko chini, Magda. Uji unaweza kupashwa moto.

Kuhusu kesho. Basi linasemekana litaondoka alfajiri, lakini dizeli ya Babati unaijua, litaondoka likipata. Tutangoja pale stendi mpaka jua liwake. Lori la maharage linashuka Dareda mapema. Mzee Qamara atakuja moja kwa moja stendi, amevaa lile koti lake. Mama Paskali atatukuta hapo kabla ya kwenda shule. Watu watatutazama. Margwe pia atakuja kukuaga, nimemwalika, na ikiwa anataka kusikiliza, ardhi ya stendi ni ya serikali, hakuna wa kumzuia. Nitakaa juu ya sanduku lako la bati, nitasema yote haya kwa mdomo wangu, tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha tutaandika majina, halafu utapanda basi.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia. Huwezi kuondoka bila kiatu, kwa hiyo utaisoma kabla hatujatoka, na nitajua umeisoma kwa jinsi utakavyotembea. Huna haja ya kuniambia pole. Kulia usilie, utamliza Ester. Ninakuomba kazi moja tu, mwanangu: nikianza kusema, usinikatize, usinitazame kama mgonjwa, usiniambie nipumzike, na usiniulize kama nimekula.

Nitakuwa nimeshakunywa uji.

Mama yako